Buibui mrukaji wa ukutani: jinsi ya kumtambua, kumtunza kwenye kopo na kuzitazama tabia zake

Buibui wengi wa nyumbani hungoja. Husuka utando kwenye pembe ya dari na kutulia mpaka mdudu anase. Buibui mrukaji hasuki utando wa kunasia. Huwinda mchana, kwa macho, na ukilishika jambo hilo moja utaelewa karibu kila kitu kinachofuata hapa: kwa nini kopo lake liwe angavu, kwa nini hali mdudu aliyekufa, kwa nini mlango wa kopo usiwe juu.

Mwongozo huu unamhusu Plexippus paykulli, mmoja wa warukaji wanaoonekana sana kwenye kuta za nyumba, fremu za madirisha na karibu na taa za barazani. Asili yake ni Afrika. Mwanasayansi Mfaransa Audouin alimweleza kisayansi mwaka 1826 katika kazi iliyohusu wanyama wa Misri, na tangu hapo amesafiri na mizigo ya watu mpaka kuenea karibu nchi zote za joto duniani. Familia yake, Salticidae, ndiyo kubwa kuliko zote za buibui: ina spishi zaidi ya 6,000. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuhakikisha uliyemwona ndiye.

KUMTAMBUA

Mpige picha kwa simu mahali penye mwanga, kisha uikuze. Jike ana urefu wa milimita 9 hadi 12, dume 9 hadi 11, bila kuhesabu miguu.

Dume ni mweusi, na mstari mweupe unapita katikati ya mgongo kutoka karibu na macho ya mbele hadi kwenye tumbo. Ubavuni ana mistari mingine miwili myeupe. Karibu na ncha ya tumbo, kwenye sehemu nyeusi, kuna vidoa viwili vyeupe. Jike ni kahawia iliyochanganyika na kijivu. Mstari wake wa katikati una rangi ya mchanga na haujitokezi sana, ila vidoa viwili vya nyuma anavyo pia. Njia ya uhakika zaidi ya kutofautisha jinsia ni vile vijimkono viwili vifupi vilivyo mbele ya mdomo: vya dume aliyekomaa vimevimba nchani, vya jike ni vyembamba mwanzo hadi mwisho.

Anayechanganywa naye zaidi ni Menemerus bivittatus, mkaaji mwenzake wa kuta. Huyu ni bapa zaidi, ana nywele za kijivu, na hutembea kama aliyejibandika ukutani. Dume wake ana mstari mweusi katikati ya tumbo na weupe pembeni, yaani kinyume kabisa cha dume wa Plexippus. Mwingine ni Hasarius adansoni, mdogo kidogo na mpenda kivuli cha ndani. Dume wake ni mweusi mwenye alama nyeupe kama mwezi mchanga mwanzoni mwa tumbo. Wote hawa hutunzwa kwa namna ileile, hivyo ukikosea jina hujamdhuru.

Walio karibu na Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, wana bahati ya jirani wa pekee: Evarcha culicivora, aliyepewa jina hilo mwaka 2003. Huyu hupenda zaidi mbu majike waliokwisha kunywa damu, na kati ya mbu huchagua Anofelesi, jamii inayoeneza malaria. Mtoto wake, akiwa bado mdogo kuliko windo lake, humtambua Anofelesi kwa mkao. Mbu huyo hutua akiwa ameinua sehemu ya nyuma juu, nacho kibuibui huzunguka kwa nyuma na kumshambulia kutokea chini ya tumbo. Buibui huyu hamng'ati mtu ili apate damu, kwani mdomo wake hauwezi kunyonya damu mwilini mwetu. Damu anayoipata hutoka tumboni mwa mbu. Ukimwona, mwache alipo. Ni mnyama wa eneo dogo, na pale nyumbani kwako ana kazi.

MACHO NA MIGUU

Ana macho manane. Mawili makubwa ya mbele huona vitu kwa undani na kwa rangi, lakini eneo lao la kuona ni jembamba mno, kama mtu anayechungulia kwa darubini. Mengine ya pembeni na nyuma kazi yake kubwa ni kugundua kitu kinachotikisika. Ndiyo maana ukisogeza kidole nyuma yake hugeuka mwili mzima na kukukabili: macho ya nyuma yamesema "kuna kitu", ya mbele yanakuja kuangalia ni kitu gani.

Kuruka kwake hakutegemei misuli minene. Husukuma maji ya mwili kwa nguvu kwenye miguu ya nyuma, na miguu hunyooka ghafla. Jambo hili lina maana kubwa kwa anayemtunza, kwa sababu buibui aliyekaukiwa maji hawezi kunyoosha miguu. Hawezi kuruka, kuwinda wala kusimama vizuri. Kiu humuua mapema kuliko njaa.

KOPO LAKE

Litayarishe kabla ya kumkamata. Unahitaji kopo la plastiki angavu la lita 1 hivi, lenye mfuniko wa kuzungusha. Liwe refu kuliko upana wake, sentimita 15 hadi 20 kwenda juu. Kopo la siagi ya karanga linafaa sana. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni kidogo, lisuuze mpaka harufu iishe, ulikaushe juani. Kopo lililowahi kuwa na dawa, rangi au mafuta ya taa lisitumike hata likisafishwa mara kumi.

Sasa ligeuze, mfuniko uwe chini. Mrukaji hujenga kijumba chake cha hariri sehemu ya juu kabisa, na ndani yake hulala usiku, hujivua gamba na hutagia mayai. Mfuniko ukiwa juu, atajenga juu ya mlango, na kila ukifungua unabomoa nyumba. Atajenga tena, utabomoa tena, na hariri hiyo inatoka kwenye chakula alichokula. Mfuniko ukiwa chini ndio unakuwa sakafu: unafungua na kusafisha, yeye yuko juu hana habari.

Pasha sindano ya kushonea motoni ukiishika kwa koleo, utoboe matundu 10 karibu na chini upande mmoja na mengine 10 karibu na juu upande wa pili, ili hewa ipite kwa mshazari. Matundu ya upande mmoja tu huacha hewa nzito na ukungu. Yasizidi milimita 1. Kama utaweka watoto wa buibui, kata dirisha la sentimita 3 na ubandike kitambaa cha nailoni chenye vitundu vidogo kuliko vya chandarua cha kawaida, maana kibuibui kichanga hupenya humo bila shida. Gundi ikauke siku mbili nzima kabla ya kumweka mnyama.

Ndani weka kijiti kikavu kinachosimama kutoka sakafuni hadi juu, chenye tawi moja au mawili, na jani kavu lililojikunja au kipande cha gome karibu na juu. Sakafuni tandika karatasi ya chooni. Usiweke udongo: huleta utitiri na ukungu, na humficha mdudu wa chakula mahali ambapo buibui hawezi kumwona. Vijiti na majani yatoke kwenye mti usiopuliziwa dawa.

KUMKAMATA

Wakati mzuri ni saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, kukiwa na jua, kwenye ukuta unaopata mwanga au kwenye fremu ya dirisha. Barazani hupatikana pia jirani na taa, kwa sababu wadudu wako hapo. Usiku humpati kirahisi, amejifungia kijumbani.

1. Sogea polepole kutoka mbele, si kutoka nyuma. Akikuona mapema hutulia na kukutazama; akishtuliwa kwa nyuma huruka.
2. Mfunike kwa bilauri au kikombe cha plastiki angavu.
3. Penyeza karatasi ngumu kati ya ukuta na kikombe, pole pole, ukimpa nafasi ya kuondoa miguu.
4. Geuza kikombe, kiweke chini ya mdomo wa kopo ulilolishika juu, na uvute karatasi. Kwa kawaida hupanda juu mwenyewe. Asipopanda, mguse kwa nyuma na brashi laini ya rangi.

Usimshike kwa vidole. Ukimbana mguu anaweza kuuacha mkononi mwako, na akibanwa mwili atang'ata. Si buibui wa hatari kwa binadamu. Maumivu na mwasho hubaki palepale penye alama. Osha kwa sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi. Mtu anayevimba uso au kupumua kwa shida baada ya kuumwa na mdudu yeyote aende hospitali mara moja.

Usimchukue jike aliye ndani ya kijumba kizito cheupe. Huenda analinda mayai.

MWANGA, JOTO NA MAJI

Kopo likae mahali pa kusomea gazeti bila taa, lakini jua lisilifikie moja kwa moja. Kopo lililofungwa likipigwa na jua la dirishani linageuka tanuri, na dakika chache zinatosha kuua. Hili ndilo kosa linaloua warukaji wengi wa kufugwa, na mara nyingi hutokea kwa sababu jua lilihama wakati mwenye kopo hayupo. Angalia dirisha lako asubuhi, mchana na jioni kabla ya kuchagua mahali. Joto la nyuzi 24 hadi 30 linamfaa, yaani joto la kawaida la Mombasa au Dar es Salaam. Kwenye nyanda za juu penye baridi, liweke chumba chenye joto zaidi. Atakuwa mzito na atakula kidogo, hilo ni kawaida.

Maji apewe kwa matone. Tumia chupa ya kupulizia ya saluni iliyooshwa vizuri, mpulizo mmoja mwepesi kwenye ukuta mmoja wa kopo, kila siku wakati wa ukavu na kila baada ya siku mbili wakati wa mvua. Matone yawe madogo na yakauke ndani ya saa chache. Yakibaki mpaka kesho yake, hewa haitoshi: ongeza matundu, usipunguze maji. Usimpulizie yeye mwenyewe wala kijumba chake. Kisahani cha maji hakifai, mdogo atazama. Pamba yenye maji nayo huota ukungu upesi.

CHAKULA

Mdudu lazima awe hai na atikisike. Ukimwekea nzi aliyekufa, kwake ni kama kokoto. Kwa mrukaji mkubwa, nzi wa nyumbani ndiye kipimo kizuri: mmoja au wawili kila baada ya siku mbili au tatu. Nondo wadogo, mbu na mende wachanga wanafaa pia. Kanuni ya ukubwa ni kwamba windo lisizidi urefu wa mwili wake. Mdogo wa milimita 3 au 4 apewe nzi wa matunda wawili au watatu, siku moja ndiyo, moja hapana.

Kinachokuambia ukweli ni tumbo. Likiwa pana kidogo kuliko sehemu ya kichwa na kifua, ameshiba. Likiwa jembamba au lenye mikunjo, ana njaa au kiu: anza na maji, kisha chakula. Likivimba na kung'aa kama zabibu, acha kumlisha siku tano au zaidi, maana akianguka tumbo linaweza kupasuka.

Usimpe sisimizi wala siafu. Humng'ata, na wengi wana asidi. Usimpe mdudu aliyeokotwa kwenye nyumba iliyopuliziwa dawa. Mdudu huyo anaweza kuwa anatembea bado, lakini sumu anayo.

Nzi wa matunda utawazalisha mwenyewe. Chukua chupa ya nusu lita, ponda ndani yake nusu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi, nyunyiza hamira punje chache, tumbukiza karatasi iliyokunjwakunjwa ili mabuu wapate pakavu pa kupanda. Iache wazi jikoni siku moja au mbili mpaka nzi waingie, kisha funga mdomo kwa kitambaa na mpira. Baada ya siku 10 hadi 14, kulingana na joto, kizazi kipya kitakuwa kinaruka. Ukitaka kuwatoa bila kutawanya nyumba nzima, iweke chupa kwenye friji dakika tatu. Watalegea na utawamimina. Bila friji, funika chupa kwa kitambaa cheusi na uelekeze mdomo wake kwenye mwanga. Nzi watafuata mwanga na kuingia kwenye mrija wa karatasi. Anza chupa mpya kila wiki, kwa sababu ya zamani hatimaye huoza.

Mdudu ambaye hajaliwa kufikia jioni atolewe, hasa mende au nyenje. Usiku buibui akiwa kijumbani, wao ndio huwa wawindaji.

ANAPOJIFUNGIA

Siku moja atanenepesha kijumba, atajifungia na kukataa chakula. Wanaoanza hudhani anakufa. Anajivua gamba. Inaweza kuchukua siku chache au wiki nzima na zaidi. Usifungue kijumba, usitikise kopo, usiweke mdudu yeyote ndani. Endelea na mpulizo mwepesi upande wa mbali, kwa kuwa ukavu mkubwa humfanya akwame ndani ya gamba la zamani na kupoteza miguu.

Akitoka, rangi zake zitakuwa mpya na utaona gamba tupu kijumbani. Subiri siku mbili au tatu nyingine kabla ya kumlisha, meno yake yawe magumu. Mguu uliokatika akiwa mchanga huota tena, mfupi kwanza, kisha hukaribia urefu wake baada ya kujivua tena. Aliyekomaa hajivui tena, na mguu alioupoteza ndio umekwenda.

YA KUTAZAMA

Weka nzi mmoja kopo likiwa kwenye mwanga mzuri, ukae mbali nusu mita bila kusogea. Kwanza atageuka. Kisha ataanza kunyemelea, haraka nzi anapotembea na polepole anapotulia, mwili ukishuka karibu na sakafu. Kabla ya kuruka hugusisha ncha ya tumbo chini: hapo amebandika uzi wa usalama. Kila mruko una uzi wake, na akikosa utamwona ananing'inia kisha anapanda kurudi. Ukitumia kamera ya simu kwenye mwendo wa polepole utauona vizuri uzi huo mwanga ukitokea nyuma.

Kioo kidogo kikiwekwa nje ya kopo mbele ya dume, mara nyingi humfanya ainue miguu ya mbele na kujitanua. Amemwona dume mwingine. Dakika moja inatosha. Ukimwachia kioo mchana kutwa anachoka bure.

KUZALISHA

Wawili wasikae kopo moja. Watakulana, ndugu kwa ndugu. Ukitaka kuwakutanisha, mlishe jike vizuri siku mbili kabla, kisha mwingize dume kwenye kopo kubwa zaidi la angalau lita 3, mchana, ukiwa na brashi mkononi. Dume huinua miguu ya mbele na kusogea kwa mishazari, akisimama mara kwa mara. Jike akitulia, endelea kutazama. Akishusha mwili kama anavyofanya kwa nzi, weka brashi katikati na mtoe dume. Mtoe pia mara baada ya kupandana.

Jike hutaga mayai kati ya 35 na 60 ndani ya mfuko bapa wa hariri, na huulinda. Katika kipindi hicho mwekee mdudu mdogo mmoja mmoja karibu na mlango wa kijumba na umtoe asipoliwa. Ukimsumbua anaweza kuyatelekeza mayai au kuyala. Watoto hukaa kiotani wiki kadhaa kabla ya kutawanyika. Wakianza kutembea kopo zima, siku hiyohiyo watenganishe. Baki na watatu au wanne wa kulea, kila mmoja kwenye kikopo chake. Wengine waachie kwenye majani na kuta za nje, kwa sababu kulisha midomo hamsini kwa nzi wa matunda kila siku ni kazi ambayo watu wengi huishindwa wiki ya kwanza.

AKIONEKANA MGONJWA

Miguu iliyokunjwa chini ya mwili na mwendo wa kuyumba ni kiu mpaka ithibitike vinginevyo. Mweke kwenye kikombe kidogo chenye karatasi iliyoloweshwa na kukamuliwa, na kwa ncha ya kijiti msogezee tone la maji mbele ya mdomo. Akinywa, utaona miguu ikinyooka ndani ya saa chache. Mitetemo na miguu kurukaruka bila mpango ni dalili ya sumu ya wadudu: mhamishe kwenye kopo safi, mpe hewa na maji. Wengi hawaponi. Dawa ya mbu ya kuwasha, ya kupuliza au ya umeme isitumike kamwe chumba kimoja naye.

Ukungu mweupe kwenye kijiti au karatasi: toa kila kitu, osha, kausha, ongeza matundu. Sisimizi wakivamia kopo, liweke juu ya kikombe kilichosimama ndani ya sahani ya maji yenye tone la sabuni.

KUMWACHIA

Wiki mbili au tatu zinatosha kumjua. Mwachie asubuhi siku ya jua, ukuta uleule ulipomkuta, mbali na mjusi kafiri na viota vya udongo vya nyigu, kwani kuna nyigu wanaojaza viota hivyo kwa buibui waliopoozwa ili viluwiluwi vyao vile. Laza kopo likigusa ukuta, fungua mfuniko, uondoke. Kama unataka aendelee kukaa hapo, acha fagio la utando lipite kwenye pembe za dari lakini liache nyufa za fremu za madirisha, na usipulizie dawa kwenye ukuta wa barazani penye taa. Kijumba chake kipo kwenye ufa mmojawapo, na jioni atakirudia.